Muulize Anti: Studio yetu imegeuka stoo, tunaifufuaje?

Mwezi huu barua zimenijia nyingi za wanafunzi wa usanifu majengo, na karibu zote zinalia kitu kimoja, studio. Basi wale mlioniuliza rangi za sebule na vigae vya jikoni mtanivumilia, zamu yenu inakuja, leo nawajibu hawa watoto wa rula na kisu maana naona likizo yao iko karibu na wakizubaa hela waliyopewa itarudi ilikotoka.

SWALI: Shikamoo Anti. Mimi ni mwanafunzi wa usanifu mwaka wa tatu, ni CR, yaani mwakilishi, wa darasa letu. Studio yetu ni ukumbi mrefu, kama mita 24 kwa 10, tunautumia sisi na mwaka wa pili, jumla tuko 60. Meza ni zile za chuma nzito zimepangwa mistari zinaangalia ubao, soketi ziko nne tu ukutani, na nyuma kote kumejaa viti vibovu na modeli za watu walioshamaliza chuo zamani. Hamna anayekaa humo. Kila mtu ana laptopu anachorea hosteli, studio tunakuja siku ya kriti tu, yaani siku ya kukosolewa kazi, tunabandika, tunachambwa, tunasepa. Walimu wanasema enzi zao ilikuwa inajaa na kazi ya mwenzako unaiona inavyokua siku hadi siku. Sasa mkuu wa idara ametupa shilingi milioni tatu na nusu na likizo yote tuibadilishe wenyewe ili watu washirikiane na wawe wabunifu zaidi. Wenzangu wanataka sofa, yale mabegi makubwa ya kukalia chini, na vyumba vya kioo. Mimi naona hela itaisha na watu bado hawatakuja. Tuanzie wapi?
*CR mwenye kichwa kinauma, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa u-CR, najua kila mtu ana wazo ila hamna anayeshika nyundo.

Wasiwasi wako ni wa kweli. Hivyo vitu wenzako wanavyotaka vinatoka vizuri kwenye picha, lakini sijawahi kusikia mwanafunzi aliyehama studio kwa sababu hamna sofa. Watu wanahama kwa sababu ndogo ndogo ambazo hata ukiziandika kwenye prezentesheni unaona aibu. Waulizeni mmoja mmoja, tena ana kwa ana maana kwenye grupu la WhatsApp watajibu walewale wanne, kwa nini unaona bora uchoree kitandani? Nakuhakikishia utasikia nikiacha vitu vinaibiwa, hamna pa kuchaji, kuna giza, feni inapeperusha makaratasi, na mlango unafungwa na mlinzi hajulikani aliko. Ukishazipata hizo ndo ramani yako ya ukarabati, mambo mengine yote yanafuata nyuma.

Naanza na kuacha vitu kwa sababu naona ndo mzizi wenyewe. Modeli yenye kitako cha saizi ya A1, yaani milimita 594 kwa 841, jaribu kupanda nayo daladala saa kumi na mbili jioni uone. Haipandi. Kwa hiyo mtu akiianza hosteli itabaki hosteli, iko uvunguni mwa kitanda, na modeli ilipo ndipo mwenyewe atakapokuwa, wala usimlaumu. Mkitaka watu warudi studio ifanyeni iwe mahali ambapo kazi inalala salama. Tengenezeni makabati ya fremu ya chuma yenye wavu, kila mtu kitundu chake cha upana kama sentimita 90 na kina 65 ili A1 iingie imelala, na kufuli anunue mwenyewe. Nasema wavu makusudi, sio bati. Kwenye wavu hewa inapita, gundi haioti ukungu kwa joto letu hili la pwani, na kikubwa zaidi kila anayepita anaona kazi ya mwenzake hata kama imefungwa. Ukiweka bati umejenga stoo nyingine.

Najua hapo unapiga hesabu unaona makabati 60 hayatoki kwenye milioni tatu na nusu, na kweli hayatoki mkienda kununua chuma kipya. Sasa vile viti vibovu mnavyoviona uchafu ndo chuma chenu. Mabomba ya miguu ya viti yanakatwa na kuchomelewa vizuri tu, peleka sampuli kwa mafundi wa kuchomelea uwaulize. Ila angalizo, vile viti kwa kawaida vina namba za mali ya chuo zimepigwa rangi pembeni, ukikata kabla mkuu wa idara hajaandika barua ya kuviondoa kwenye orodha umejitafutia kesi, kwa hiyo barua hiyo iombeni wiki ya kwanza kabisa ya likizo maana ofisi zetu mnazijua zinavyotembea. Na zile modeli za wazee waliomaliza, bandikeni tangazo la wiki mbili, asiyekuja kuchukua yake chagueni tano nzuri zipande juu ya makabati, zilizobaki zikatwe ziwe malighafi.

Halafu umeme, na hapa naomba mnisikilize. Laptopu ya kuchorea inavuta wati 65, nyingine 90, na zile zinazochezea gemu ni zaidi ya hapo. Chukua hiyo 65 zidisha kwa watu 60, ni wati 3,900, gawanya kwa volti 230 unapata kama ampia 17. Plagi ya pini tatu fyuzi yake kubwa ni ampia 13. Sasa nyie mna soketi nne, na naijua studio ya wanafunzi ilivyo, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine na mwisho kabisa wa huo mkokoteni kuna birika la wati 2,000 mtu anachemsha chai. Hiyo siku moja itawaka. Mwiteni fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, sio yule kaka wa ghorofa ya pili anayejua kuunga waya, awagawie ukumbi saketi mbili au tatu, na nyaya zishuke toka juu au zipite pembeni ya ukuta ndani ya trankingi, yaani mfereji wa kufunikia nyaya, zisikatize sakafuni mtu akajikwaa na kazi ya miezi miwili ikaanguka nayo. Huenda hii ikachukuliwa na kitengo cha matengenezo cha chuo bila kugusa bajeti yenu, ombeni, mkikataliwa ndo mtoe mfukoni.

Mwanga nitapita haraka. Viwango vya Ulaya vinataka laksi (kipimo cha mwanga) 750 juu ya meza ya kuchorea kwa mkono na 500 kwa kazi ya kompyuta, na kuna programu za simu za kupimia, sio sahihi sana lakini zitawaonyesha kona zenye giza. Mara nyingi dawa ni kuosha vioo vya luva, kubadili taa zilizoungua na kupaka dari nyeupe. Feni je? Msipange meza halafu mkalalamikia feni. Angalieni feni zilipo, chini ya feni wekeni njia ya kupita au meza ya kukatia, karatasi za kutresi, zile nyepesi za kunakilia mchoro, zikae pembeni.

Sasa twende kwenye mpangilio wenyewe, maana najua ndo ulikuwa unausubiri.

Wengi wakisikia "ushirikiano" wanabomoa kila kitu ukumbi unabaki uwanja. Mwaka 2018 watafiti wawili, Ethan Bernstein na Stephen Turban, walichapisha utafiti wa makampuni mawili makubwa ya Marekani yaliyohamia kwenye ofisi za wazi zisizo na vizuizi, wafanyakazi walivalishwa vifaa vinavyorekodi nani anaongea na nani uso kwa uso, na badala ya maongezi kuongezeka yalishuka kwa kama asilimia 70, watu wakahamia kwenye barua pepe. Mtu akiona anaangaliwa na kila mtu anavaa hedifoni anainamisha kichwa. Hata msanifu Mies van der Rohe alipojenga Crown Hall, jengo la shule ya usanifu pale Chicago, ikafunguliwa 1956, ukumbi wa mita karibu 67 kwa 37 usio na nguzo hata moja katikati, humo ndani aliweka vizuizi vya mbao visivyofika darini. Mzee alikuwa anapenda uwazi kuliko sisi sote lakini alijua mtu anahitaji mgongo wake uegemee mahali.

Kwa hiyo vunjeni ile mistari, pangeni meza kwa visiwa vya watu sita sita, visiwa kumi, kati ya kisiwa na kisiwa simamisheni bodi ya kubandikia yenye urefu wa mita 1.35 hivi kutoka sakafuni. Huo urefu una maana yake. Ukiwa umekaa, macho yako yako kwenye mita 1.2 au pungufu kidogo, kwa hiyo uko kwako, hakuna anayekukodolea. Ukisimama kujinyoosha unaona studio nzima na nani anafanya nini. Mtu anachagua mwenyewe kwa kukaa na kusimama tu, na wala hujajenga ukuta. Bodi zenyewe ni softibodi, ule ubao laini unaoingia pini, ya futi nane kwa nne, ikate katikati upate vipande viwili vya mita 1.22, ivalishe kitambaa cha marekani ukibane kwa stepla nyuma, kwa sababu softibodi tupu baada ya semista moja ya pini inaanza kumwaga unga na pembe zinavunjika. Fremu ya mbao mbili kwa mbili, inyanyue sentimita kumi na kidogo toka sakafuni hewa ipite, na bodi hizi ndo muwekee magurudumu yenye breki. Meza msiwekee. Siku hizi kila mtu kaona picha za d.school, shule ya ubunifu ya chuo cha Stanford Marekani, ambako kila kitu kinasukumika, lakini sakafu yao ni laini na meza zao nyepesi, nyie mkiweka magurudumu kwenye meza ya chuma juu ya sakafu ya saruji iliyopasuka mtasikia kelele tu, na mtu akiwa anakata kwa kisu meza ikiteleza kidole kimekwenda.

Kila kisiwa kichanganye miaka. Watatu wa mwaka wa pili, watatu wa mwaka wa tatu. Hapa mtapata upinzani, watu watataka kukaa na washkaji zao, shikilieni hapohapo. Karne ya 19 pale Paris wanafunzi wa usanifu wa École des Beaux-Arts hawakuwa wanachorea shuleni kwenyewe, walikuwa kwenye vikundi vyenye chumba chao, wapya na wakongwe pamoja, mwalimu anapita kukosoa kazi anaondoka. Siku za mwisho kabla ya kuwasilisha wale wapya wanawasaidia wakongwe kumalizia, huyu anatia rangi, huyu anachora vivuli, na kwa kufanya hivyo wanajifunza mambo ambayo hakuna mhadhara ungewapa. Sisemi mlete na yale mateso waliyokuwa wanawafanyia wageni, hayo yaacheni kulekule. Ila mwaka wa pili akikaa pembeni ya mwaka wa tatu anaona jinsi ngazi inavyohesabiwa kabla hajafundishwa, na mwaka wa tatu akiulizwa kwa nini lifti umeiweka hapo anagundua hana jibu, bora agundue mbele ya mdogo wake kuliko mbele ya wakosoaji.

Na hao wa Paris walikuwa na kitu kingine naona kizuri zaidi. Walikuwa wanachagua mwenzao mmoja, anaitwa massier, ndo anakusanya michango ya kodi, taa na kuni, ndo anahakikisha chumba kinaendeka. Nyie mna CR ambaye kazi yake kubwa ni kupeleka karatasi za mahudhurio ofisini. Chagueni mtu wa studio peke yake, tofauti na CR, mmoja toka kila mwaka, washike funguo, washike mchango mdogo wa kila mwezi wa taa na gundi, wawe na mamlaka ya kuhamisha kitu bila kuandika barua. Bila huyo mtu, mpango wowote mtakaochora utakufa wiki ya nne ya semista, namaanisha.

Katikati ya ukumbi, karibu na mlango, wekeni meza moja kubwa ya kukatia, ya kusimama, urefu sentimita 90. Shiti nzima ya plaiwudi ya milimita 18 juu ya miguu imara, na juu yake kipande cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) mnachobadilisha kila semista kikichakaa. Hii meza ndo itafanya kazi ambayo wenzako wanadhani sofa itafanya. Mtu akiwa anakata kadibodi mikono ina kazi lakini mdomo uko huru, hajifichi nyuma ya skrini, anayepita anasimama anauliza "hii ni nini?", na hapo ndo maongezi ya kazi yanapoanzia. Gundi ya kupuliza ipulizwe nje, upande ambao upepo unaitoa, hilo msijadiliane.

Chakula nacho mkipe mahali. Wasanifu wa zamani walilijua hili, shule ya ubunifu ya Bauhaus pale Dessau, Ujerumani, jengo la Walter Gropius la 1926, kantini ilitenganishwa na jukwaa na ukumbi kwa kuta za kukunja, siku ya sherehe wanazifungua panakuwa pamoja. Nyie hamhitaji makubwa hayo. Korido yenu kama ina kivuli jengeni benchi refu la kudumu nje ya mlango, kama baraza za nyumba za Mji Mkongwe au Lamu, mwanafunzi wa idara nyingine anaweza kukaa bila kuonekana mvamizi, mama wa maandazi anajua pa kusimama, chai inanyweka hapo na haimwagikii mchoro wa mtu. Tofali na saruji, fundi mmoja, hela ndogo.

Kitu cha mwisho kwako. Mwombe mkuu wa idara aandike kwamba mnaruhusiwa kutoboa, kupaka na kuhamisha ndani ya ule ukumbi. Pale chuo cha MIT Marekani kulikuwa na jengo la mbao linaitwa Building 20, lilijengwa harakaharaka mwaka 1943 kwa ajili ya utafiti wa rada wakati wa vita, ilikuwa libomolewe vita ikiisha, likaja kubomolewa 1998. Lilikuwa baya, linavuja, joto. Lakini wahandisi na wanaisimu walikuwa korido moja, na kwa kuwa hakuna aliyelionea huruma mtu akitaka kupitisha waya anatoboa ukuta tu, Jerrold Zacharias alipokuwa anahangaika na saa ya atomiki walitoa sakafu mbili ili mtambo upate urefu. Kazi nyingi kubwa zilitokea humo. Nyie msitoboe sakafu jamani, lakini mwanafunzi wa usanifu ambaye haruhusiwi kupiga msumari kwenye chumba chake cha usanifu, mnamfundisha nini hasa?

Vyumba vya kioo sahau. Sofa mnunue mwaka kesho, hela ikibaki, na haitabaki.

SWALI: Anti shikamoo. Kwetu studio iko wazi masaa 24 na walimu wanasifia kweli, wanasema ndo roho ya fani. Lakini usiku wanabaki wavulana tu. Sisi wasichana kutoka studio hadi hosteli ni njia yenye giza, choo cha karibu kinafungwa saa moja, na ukiondoka mapema unaambiwa hauko siriasi. Wakati mwingine maamuzi ya kazi za kikundi yanafanyika saa nane usiku sisi hatupo. Sasa wanataka kuifanya studio iwe ya kijamii zaidi kwa kuleta vitanda vya kulalia humohumo! Nisemeje bila kuonekana mlalamishi?
*Mkeshaji aliyechoka*

JIBU: Marahaba mwanangu. Sema tu, wewe sio mlalamishi, wewe ndo umeisoma ramani vizuri kuliko waliokuwa wanazungumzia vitanda. Jamii ambayo nusu yake haiwezi kufika sio jamii, ni klabu ya watu wachache.

Na huu ugonjwa wa kukesha sio wa kwetu peke yetu wala sio mpya. Mwaka 2002 umoja wa wanafunzi wa usanifu wa Marekani, AIAS, ulitoa ripoti nzima juu ya utamaduni wa studio, wakasema wazi kwamba kunyimana usingizi na kushindana nani kakesha zaidi kunaumiza watu na hakuifanyi kazi iwe bora, na baadaye bodi ya ithibati kule, ile inayoidhinisha shule za usanifu, ikaanza kudai kila shule iwe na sera ya studio iliyoandikwa. Ipeleke hiyo kwa walimu wako, wazee wetu wakisikia bodi ya ithibati wanakaa sawa.

Halafu usiende na malalamiko, nenda na mapendekezo matatu mafupi. La kwanza dedlaini zihame. Kazi ikidaiwa saa mbili asubuhi mtakesha mpende msipende, ikidaiwa saa kumi na moja jioni siku moja kabla ya prezentesheni watu wanalala na kesho yake wanaongea vizuri mbele ya juri. La pili studio ifungwe saa nne usiku ifunguliwe saa kumi na moja alfajiri, kwa wote, na kazi za kikundi maamuzi yafanyike kabla ya kufunga, ukiamua saa nane usiku haihesabiki. La tatu choo kifunguliwe muda wote studio ikiwa wazi na taa ziwekwe kwenye hiyo njia, hili ni la chuo sio la idara, andikeni barua moja wasichana wote msaini na wavulana wenye akili wasaini pia. Vitanda wakitaka wavipeleke zahanati.

SWALI: Hujambo Anti, salamu kutoka Nairobi. Mimi ni mhadhiri. Wanafunzi wangu ni 90 na meza ni 50, na sasa wakubwa wanasema tuondoe hii mambo ya kila mtu na meza yake, mtu akifika akae popote, vile ofisi nyingi zinafanya siku hizi. Kisha wa mwaka wa kwanza wako graundi na wa mwaka wa mwisho wako orofa ya nne, hata hawajuani majina. Wewe unaonaje?

JIBU: Sijambo mwalimu, asante kwa kuandika. Kukaa popote kunamfaa mtu ambaye kazi yake inaingia kwenye begi ikiisha siku. Mwanafunzi wako ana kitako cha modeli, ana tresi kumi na tano za wazo moja, ana kadibodi nusu imekatwa, ukimwambia akunje kila jioni atakunja mara moja halafu atabaki nyumbani kwake. Kule Harvard, Gund Hall iliyofunguliwa 1972, michoro ya John Andrews, studio ziko kwenye matabaka matano yaliyopanda kama ngazi chini ya paa moja kubwa, kelele zipo na watu wanalalamika, ila kila mwanafunzi ana meza yake na kutoka juu unaona wa chini wanafanya nini. Hicho cha mwisho ndicho cha kuiga.

Hesabu yako nimeipiga hivi. Chukua meza 45, kila meza wawili, na hao wawili wajulikane, majina yameandikwa, mwaka mzima ni wao. Kila mmoja apate kitundu chake cha kufungia kazi na kipande chake cha ukuta cha mita moja na kidogo ambacho hakuna mwingine anabandika. Wapange wenyewe nani asubuhi nani mchana, watagombana wiki mbili kisha watazoea, na katika kugombana huko watajuana. Meza tano zilizobaki ziwe za mashauriano, hapo ndipo wewe unakaa ukikosoa kazi, katikati ya studio na si ofisini, ili kijana mmoja akielezwa juu ya mwanga wa kaskazini watatu wengine wasikie bure. Fremu za vitundu wapelekee mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wana mikono kushinda duka lolote la fenicha.

Kuhusu orofa, Thomas Allen wa MIT alipima haya mambo kwa wahandisi na watafiti, kazi yake ikatoka 1977, akakuta uwezekano wa watu wawili kuongea kikazi unaanguka haraka sana kadiri meza zao zinavyoachana, na ukipita kama mita 50 hivi unakuwa mdogo mno. Kupanda orofa nne, kwa mwanafunzi mwenye njaa, ni mbali kuliko hizo mita 50. Badilisha mwaka mmoja tu kwanza, mlete wa mwisho waje graundi na wa kwanza, wa katikati wapande. Wa mwaka wa mwisho watakataa kuacha orofa yao? Waambie graundi iko karibu na plota, mashine ya kuchapia michoro.

SWALI: Anti, fasta tu, murali, yaani mchoro wa rangi ukuta mzima, ndani ya studio, ndiyo au hapana? Tushapata msanii.
*Wa mwaka wa kwanza*

JIBU: Ndani hapana, nje mpeni msanii ukuta wote wa korido afanye anachotaka. Ndani siku ya kriti hakuna mchoro wa penseli utakaoshindana na simba wa rangi kumi nyuma yake, na baada ya miezi sita hamtaona tena huyo simba, mtaona ukuta ambao hauruhusiwi kubandikwa. Kama mikono inawawasha sana pakeni rangi ya ubao mweusi upande mmoja, kuanzia sentimita 60 hadi mita mbili toka chini, kila mtu achore afute, na chaki mnunue nyie.